Bonsai ya kwanza iko njia ya Voi

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi wakati wa kaskazi, ukishapita Mariakani minazi inakuacha na nyika ya Taru inakupokea. Mwezi wa Februari vichaka vyote vya huko vina rangi ya jivu. Halafu, katikati ya miiba, unaona kijiti kifupi kilichovimba chini kama mtungi, hakina jani hata moja, na juu kimejaa maua mekundu ya waridi. Huo ni mwaridi wa jangwani, ambao wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum. Kisiwani tunauona umepandwa mbele ya hoteli, tukadhani umeletwa na ndege kutoka ng'ambo.

Nautaja kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi ni moja: nataka bonsai, nianze na mti gani? Anayeuliza huwa ameona picha ya msonobari wa Kijapani uliopinda kwa upepo wa milimani. Mti ule unahitaji majira ya baridi ili upumzike, na baridi hiyo Mombasa hatunayo. Sanaa yenyewe ilianza China, Wajapani wakaipokea na kuinyoosha, na neno bonsai maana yake ni kitu kilichopandwa katika chombo kifupi mfano wa sinia. Jina halikutaja msonobari. Wapo wanaoshika sheria sana wanaosema mmea wa shina la majimaji si bonsai halali, kwa kuwa hauna mbao ndani. Hoja yao naielewa, lakini mimi hutazama sura: mti mdogo unaoonekana mzee, mizizi imeushika udongo, matawi yamesimama kwa mpangilio. Mwaridi wa jangwani huzaliwa na nusu ya sura hiyo.

Jina lake pia lina undugu na sisi. Adenium limetoka Aden, bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakija na kaskazi mpaka Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu. Aliyeueleza mti huu kwanza kitaalamu ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyekwenda Yemen katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Malaria ilimuua huko mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerudi kwao hai. Mti wenyewe haukujali mipaka ya wasomi: umeenea Arabuni, Pembe ya Afrika, na kuteremka mpaka huku kwetu.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo miti mingi hufia. Mti wangu wa kwanza niliuua kwa mapenzi. Niliununua Machi, nikaumwagilia kila asubuhi kama asumini, Mei masika yakaongezea yake, na Juni nilipougusa kitako kilizama kidole kama papai bovu. Uvimbe ule wa chini ni ghala. Mti hujaza maji humo wakati wa mvua na kuyatumia miezi ya ukame. Ukiujaza juu ya kujaa, mizizi inakosa hewa na kuoza. Kisiwa chetu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo masika yakianza uingize mti chini ya upenu. Kiangazi umwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha uuache udongo ukauke wote kabla ya kurudia.

Kipimo changu ni kubinya kitako. Kikiwa kigumu, ondoka, usiuguse mtungi wa maji. Kikilegea na udongo ni mkavu, mti una kiu. Kikilegea na udongo umelowa, mti unaoza: ung'oe siku hiyo hiyo, ukate kwa kisu safi mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo doa, kisha uuweke kivulini siku kadhaa jeraha likauke kabla ya kuupanda tena. Wakulima wengi hupaka unga wa dalasini kwenye jeraha. Na Julai, kusi linapopoa, majani yakipukutika usikimbilie ndoo. Mti umelala tu.

Udongo nao una mambo yake hapa. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Majani hugeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, kwa kuwa mzizi unashindwa kukifikia chuma kilichomo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na hata makumbi ya nazi, ambayo ni mazuri sana yakikatwakatwa, mara nyingi yamelowekwa baharini ili yalainike, basi yasuuze mara tatu kabla ya kuyatumia. Mimi huchanganya mafungu mawili ya kokoto ndogo, kubwa kiasi cha punje ya mahindi, na fungu moja la samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, pamoja na vipande vya makaa. Kwa walio mitaa ya Kibokoni au Kuze wanaotegemea kisima chenye maji ya chumvichumvi, wekeni ndoo ya kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mti huu.

Chombo hakikusumbui. Kikaango kipana cha udongo kinafaa, mradi fundi akutobolee matundu chini kwa keekee. Kazi ni jua. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa vyembamba makusudi ili kivuli kisitoke, na roshani nyingi hupata mwanga saa mbili tatu tu. Mti huu unataka sita au zaidi, kwa hiyo makao yake ni juu ya nyumba, penye matangi ya maji na kamba za nguo. Uinue juu ya matofali mawili, sakafu ya saruji isiichome mizizi.

Mti uliooteshwa kwa mbegu ndio unaotoa kitako kizuri. Wa kukata tawi huishi vyema, ila aghalabu hubaki mwembamba chini. Anza na wa mbegu. Kila miaka miwili hivi, Februari au Machi, uutoe, upunguze mizizi ya chini, kisha uupande juu zaidi ya mwanzo kwa unene wa vidole viwili, ili sehemu ya mizizi iliyokuwa imezikwa itoke nje na kunenepa. Ndiyo siri yote ya ile sura ya uzee. Matawi yakate mafupi ili yazae mengine. Kuyapinda tumia uzi na jiwe badala ya waya, maana ngozi yake laini hubaki na kovu la waya miaka.

Ukikata utaona utomvu. Huo ni sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Jamaa yake wa ukoo mmoja, Acokanthera, ndiye aliyewapa Wawaata, wawindaji wa ndovu wa Tsavo, sumu ya mishale yao, na mwaridi wenyewe umetumika hivyo sehemu nyingine za Afrika. Vaa glavu, nawa mikono, na uuweke mahali ambapo mtoto hafiki na mbuzi hapiti. Kuuchimba porini pia usithubutu: ndani ya hifadhi ya Tsavo ni kosa la jinai, na mti mkubwa uliokatwa mizizi mara nyingi hufa. Miche ya vitaluni inatosha.

Bahati ikiwa yako, ua litafunga maganda mawili yaliyoshikana kama pembe za mbuzi. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, kwa kuwa kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo unaisubiri. Mwaka jana nilichelewa. Mbegu tatu ziliruka kichochoro kizima zikaangukia kwa jirani yangu, bibi wa makamo, aliyeziatika ndani ya kopo la maziwa. Moja imeota. Nilipomwomba nimsaidie kuihamisha, aliniambia niyamalize kwanza ya kwangu.