Je, Wajua? Kumbukumbu hupotea, hisia hubaki

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Dakika chache baadaye walikumbuka kidogo sana walichokiona, lakini hisia ziliendelea. Tena, kadiri mgonjwa alivyosahau zaidi, ndivyo huzuni yake ilivyodumu zaidi.

Kwa hiyo anayeuliza pale Hewa Bora, Lubumbashi, "Nimtembelee mzee mwenye ugonjwa huo kwa nini, naye atasahau?" ana jibu: atasahau ziara, ila furaha itabaki kwa muda. Vivyo hivyo, kumkemea kwa kurudia swali lilelile, au kumwita mchawi kwa sababu anazurura usiku, humwachia uchungu asiojua umetoka wapi. Mtu atapinga kwamba wagonjwa walikuwa wachache na hisia zilipimwa kwa nusu saa hivi tu. Ni kweli, na hatuwezi kudai furaha hiyo hudumu siku nzima. Lakini siku ya mzee hujengwa na nusu saa kama hizo. Salamu ya heshima na bukari ya kula pamoja havipotei bure.