Kipindupindu: Sumu Huchukua Saa, Kinga Huchukua Siku

Mikese, mkoani Morogoro, ipo kwenye barabara kuu na reli zitokazo Dar es Salaam. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini humo Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, Morogoro ukiwamo. Wakazi wa njia hizi wanapaswa kufahamu kwa nini ugonjwa huu huweza kumwua mtu mwenye afya njema kabla kinga ya mwili wake haijajiandaa.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi hufa kwa tindikali ya tumboni. Wanaosalimika hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Hawautoboi ukuta huo. Ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa hahari damu. Sumu ina sehemu mbili: sehemu B hunasa kwenye seli ya utumbo, na sehemu A huingia ndani na kuilazimisha seli kumwaga chumvi bila kukoma. Maji huifuata chumvi, na mtu mzima aliyezidiwa huweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Mfumo wa kinga haukai kimya. Seli zake zilizo katika utumbo huwatambua bakteria na sumu yao, kisha kingamwili aina ya IgA hutengenezwa na kumiminwa utumboni. Baadhi huwazuia bakteria wasijishikize; nyingine huifunika sehemu B ili isinase. Hata hivyo, kwa mtu ambaye hajawahi kuugua, kazi hiyo huchukua siku kadhaa, ilhali upungufu wa maji huua kwa saa chache.

Pengo hilo huzibwa na ORS. Sumu haiharibu njia ya seli inayopitisha glukosi pamoja na chumvi. Kwa njia hiyo maji hurudi mwilini hata mgonjwa akiendelea kuhara. Pakiti moja ichanganywe na lita moja ya maji safi na salama, naye aanze kunywa akiwa nyumbani, huku akipelekwa kituo cha afya. Aliyelegea sana au asiyeweza kunywa huhitaji dripu mara moja. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, kwani maziwa ya mama yana IgA.

Kinga huweza pia kutayarishwa mapema. Chanjo ya kunywa iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 ilikuwa na bakteria waliouawa pamoja na sehemu B pekee, ambayo peke yake haina madhara. Kwa waliopata dozi mbili, ilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 79. Hata hivyo, chanjo haiondoi haja ya kuchemsha maji, kutumia choo na kunawa mikono kwa sabuni.