Mtandao unapokwama bila waya kukatika: kwa nini mkaaji wa Goma asipuuze "mise à jour"

Wakaaji wa Goma wanajua sababu nyingi za mtandao kukwama: umeme umepotea, waya umekatika, jenereta ya antena imeishiwa mafuta. Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Umeme upo, waya ni mzima, mashine zinawaka, lakini huduma haijibu kwa sababu mtu fulani, pengine aliye mbali sana, ameamua kuiziba. Hilo ndilo shambulio la kunyima huduma. Kwa Kifaransa linaitwa déni de service.

Jambo hili linatugusa leo kuliko zamani. Baada ya M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mshahara, pesa ya masomo ya watoto na msaada wa ndugu walio Kinshasa au Ulaya vikaanza kutegemea simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Pale ambapo simu ndiyo benki, mtandao ukikwama saa chache tu, kuna nyumba itakayolala bila chakula.

Yaliyotokea Kenya

Mfano wa karibu ni wa majirani zetu. Mwishoni mwa Julai 2023, watu nchini Kenya walishindwa kuingia eCitizen, jukwaa la serikali lenye huduma zaidi ya 5,000, kuanzia paspoti hadi leseni za udereva. Kununua umeme kwa simu kulisumbua, tiketi za treni zikawa shida, na wateja wa M-Pesa nao wakalalamika. Wageni waliokwama kuomba viza mtandaoni iliwabidi waipate walipofika.

Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililoshambulia. Tarehe 27 Julai, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alikubali kwamba eCitizen ilishambuliwa, akasema hakuna data iliyopotea. Washambuliaji walikuwa wametuma maombi mengi kupita kiasi ili kuulemea mfumo.

Yaani mlango haukuvunjwa, ulizibwa. Fikiria Petite Barrière asubuhi, wakati maelfu ya watu wanavuka kwenda Gisenyi kutafuta maisha. Sasa fikiria watu elfu kumi wasio na nia ya kuvuka wanaingia kwenye foleni. Kila mmoja anafika dirishani, anauliza swali lisilo na maana, kisha anarudi nyuma ya mstari. Hakuna aliyeiba kitu, hakuna aliyempiga afisa. Lakini mama mwenye beseni la nyanya hatavuka siku hiyo.

Mnamo Oktoba 2024, wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, ikiwatuhumu kuliongoza kundi hilo na kuhusika na mashambulio zaidi ya 35,000. Kati ya waliotajwa kudhurika ni hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, ambayo ililazimika kupeleka wagonjwa wa dharura kwingine kwa saa kama nane. Kwa hiyo si suala la tovuti tu. Mgonjwa naye anaweza kukuta mlango umezibwa.

Kosa ndani ya programu

Foleni ya watu wengi ni njia moja. Njia ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu haihitaji umati mkubwa: kutumia kosa lililo ndani ya programu yenyewe.

Tarehe 10 Oktoba 2023, kampuni za Google, Amazon na Cloudflare zilitangaza kwa pamoja kosa la aina hiyo katika HTTP/2, mojawapo ya lugha ambazo simu na kompyuta hutumia kuzungumza na seva za intaneti. Kosa hilo lilipewa namba CVE-2023-44487. Google ilisema ilikuwa imepokea shambulio lililofikia maombi milioni 398 kwa sekunde moja. Cloudflare ilipokea milioni 201 kwa sekunde, na ikasema yalitoka kwenye kundi la mashine kama 20,000 tu.

Wachache wale waliwezaje? Turudi mpakani. Kanuni inasema afisa asipokee karatasi za mtu mmoja zaidi ya idadi fulani kwa wakati mmoja. Mjanja anatoa karatasi, afisa anafungua daftari na kuanza kuandika, mara mjanja anaichukua karatasi yake na kusema ameghairi. Kwa kanuni, hana tena karatasi dirishani. Basi anaitoa tena, na tena, mara elfu kwa dakika. Kanuni haijavunjwa, lakini afisa anachoka kwa kazi isiyo na mwisho.

Dawa ya kosa kama hilo ni kiraka: sehemu ndogo ya programu iliyoandikwa upya na kutumwa kwa watumiaji bila malipo. Waundaji wa programu za seva walitoa viraka vinavyowezesha seva kuhesabu mara ambazo mtu anaghairi na kumfungia mlango akizidisha. Lakini kiraka kinamsaidia yule tu aliyekiweka. Na tangu siku kosa linapotangazwa, mshambuliaji naye amelisoma tangazo.

Simu ya mfukoni nayo

Makosa haya hayako kwenye seva kubwa tu. Mnamo Februari 2018, herufi moja ya lugha ya Kitelugu, inayosemwa India, ilitosha kuzima programu za ujumbe katika iPhone ilipopokelewa. Apple ilitoa kiraka mwezi huohuo. Mnamo Desemba 2019, watafiti wa kampuni ya Check Point walieleza kosa la WhatsApp lililomwezesha mtu aliye ndani ya grupu kutuma ujumbe unaozima programu kwa wanagrupu wote, mara kwa mara, hadi waifute na kuiweka upya. WhatsApp ilikuwa tayari imelirekebisha. Aliyekuwa na toleo la zamani alibaki hatarini.

Hapa ndipo penye tatizo letu. Mega ni ghali, kwa hiyo wengi wanazima mise à jour. Wengine wanapokea programu kwa rafiki kupitia Xender bila kujua ni toleo la mwaka gani. Wengine wanatumia WhatsApp GB, ambayo haitoki kwa wenye WhatsApp na haipati viraka vyao. Na simu nyingi za mtumba hazipokei tena viraka vya mfumo kutoka kiwandani.

Mashine isiyotunzwa inaweza pia kugeuzwa askari wa kushambulia wengine. Mnamo 2016, kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa kutumia kamera za usalama zilizoambukizwa programu iitwayo Mirai, ambayo ilienea kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Januari 2019, mahakama ya London ilimhukumu Mwingereza Daniel Kaye miezi 32 jela. Wenye kamera wengi hawakujua kamwe kwamba zilitumika.

La kufanya

Kwa mwenye simu, fungua Paramètres na utafute mise à jour angalau mara moja kwa mwezi. Kama mega hazitoshi, anza na viraka vya usalama vya mfumo, WhatsApp na programu ya pesa, ukitumia wifi ya ofisi au ya ndugu. Chukua programu Play Store.

Kwa mwenye sibakafe, kabine yenye wifi, zahanati au shirika, badilisha neno la siri la ruta na la kamera leo hii. Muulize fundi wako toleo la programu ya seva yenu ni lipi, na kiraka cha mwisho kiliwekwa lini. Asipojua kujibu, una kazi naye.

Kiraka nacho kinaweza kuwa na kosa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike lilizima kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani, na ndege zikabaki chini. Kwa mashine inayobeba kazi ya watu wengi, hifadhi nakala ya data kwanza, na ujaribu kiraka kwenye kompyuta moja kabla ya kukisambaza. Hiyo ni sababu ya kuwa mwangalifu; si sababu ya kukaa mwaka mzima bila kusasisha.

Congo ina Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, yenye adhabu kwa makosa ya kompyuta. Lakini sheria inamtafuta mkosaji baada ya mlango kuzibwa. Kwa mtu ambaye benki yake yote iko ndani ya simu, ni heri kosa lizibwe kabla mwingine hajaliona.