Sakafu Moja, Bodi Mbili: X-Trail na Dualis Kwenye Miinuko ya Nakuru

Anayetafuta gari la familia mjini Nakuru, lililoinuka kiasi cha kuvuka mashimo na lenye bei ya kuongeleka, hakawii kujikuta mbele ya Nissan mbili: X-Trail ya toleo la T31 na Dualis ya toleo la J10. X-Trail husifiwa kwa ukubwa wake na bodi yake ya pembe za mraba. Dualis husifiwa kwa umbo lake la mviringo na wepesi wa kupenya msongamano wa Kenyatta Avenue. Ubishi kuhusu ni ipi inayopanda mlima vizuri hauishi. Lakini ziinue zote mbili kwenye karakana, uingie chini na tochi, na utakuta jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kwa sehemu kubwa ni gari moja.

Usiharakishe kutoka huko chini. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mkono wa chuma wenye bushi za mpira, na juu yake springi imeizunguka shokomzoba. Nyuma kuna mikono kadhaa inayoliacha kila gurudumu lipande na kushuka bila kumsumbua mwenzake. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma: milimita 2,630 kwa X-Trail, milimita 2,630 kwa Dualis. Injini iliyozoeleka katika zote mbili ni MR20DE ya petroli, cc 1,997, yenye nguvu za farasi 137. Gia boksi ni CVT ya kampuni ya Jatco. Ni ukipanda juu ya sakafu ndipo ndugu hawa wanapoachana. X-Trail ni ndefu zaidi kwa karibu sentimita 30, sehemu kubwa ya urefu huo ikiwa nyuma kwenye buti, na paa lake limelizidi la Dualis kwa sentimita 7 hivi.

Undugu huu una historia. Renault ya Ufaransa na Nissan ya Japani ziliungana mwaka 1999, na mojawapo ya matunda ya muungano huo ni sakafu iliyopewa herufi C, ambayo ilitangulia kuonekana chini ya Renault Mégane ya mwaka 2002. Mwaka 2007 sakafu hiyo ilibeba Qashqai, iliyoundwa katika kiwanda cha Sunderland, Uingereza, na ambayo Wajapani waliuziwa kwa jina la Dualis. Agosti mwaka huohuo ikabeba X-Trail T31. Mwaka uliofuata Renault ikaiwekea bodi yake na kuiita Koleos, iliyoundwa Busan, Korea Kusini. Kampuni hufanya hivi kwa sababu kubuni sakafu ndiyo kazi ghali kuliko zote: pale ndipo injini inapofungwa, magurudumu yanaposhikiliwa, na nguvu ya mgongano inapopitishwa ili isiwafikie abiria. Kazi hiyo ikishakamilika mara moja, kubadilisha mabati ya juu ni rahisi. Barabara zetu zimejaa jozi za namna hii. Toyota Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, Subaru Forester ya mwaka 2008 imesimama juu ya Impreza, na Audi Q3 ya kwanza ni nduguye Volkswagen Tiguan.

Basi tuzipeleke mlimani, kwa kuwa Bonde la Ufa la kati halimwachi mwenye gari kwenye tambarare kwa muda mrefu. Jiji la Nakuru liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Eldoret unapita Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, na ukifika Timboroa umevuka mita 2,700. Katika kimo cha Nakuru shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Timboroa ni kama asilimia 71. MR20DE haina turbo, kwa hiyo inavuta hewa kama ilivyo. Hewa ikiwa nyepesi, oksijeni inayoingia kwenye silinda hupungua, na kompyuta ya injini hupunguza petroli ili mchanganyiko ubaki sawa. Matokeo ni kwamba zile nguvu za farasi 137 zilizoandikwa kwenye karatasi ni za pwani. Nakuru umebaki na kama 110, na ukifika Timboroa umepoteza robo au zaidi. Upungufu huo hauchagui bodi. X-Trail na Dualis zinakatwa sawasawa.

Wabishi watasema kwamba X-Trail ni nzito, hivyo mlimani lazima ibaki nyuma. Hesabu inasema vingine. Ukilinganisha zenye injini ya cc 1,997 na mfumo uleule wa kuendesha magurudumu, tofauti ya uzito ni makumi ya kilo tu. Chukua kilo 50. Kuziinua kutoka Nakuru hadi Timboroa, mita 900, kunahitaji nishati ya megajuli 0.44. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, na injini ya kawaida hugeuza robo yake kuwa kazi. Kwa hiyo uzito huo wa ziada unakula mililita 55 za petroli katika safari nzima ya kupanda. Hakuna dereva atakayeuona kwenye geji.

Kinachoonekana ni mzigo. Sasa weka watu wanne na magunia ya viazi kutoka Molo, kila gunia kilo 50 kama sheria inavyotaka, hadi jumla ya kilo 400. Gari lililokuwa na kilo 1,500 limekuwa na kilo 1,900. Kwenye mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kazi ya kuinua peke yake imetoka kilowati 20 hadi 25, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Hapa ndipo zile sentimita 30 za X-Trail zinapogeuka kuwa jambo la kifizikia. Buti kubwa hujazwa. Dualis inakataa gunia la tatu kwa sababu halina pa kukaa, na kukataa huko kunaiokoa injini yake na, zaidi ya injini, gia boksi yake. X-Trail nyingi zilizochoka zimechoshwa na ukarimu wa buti.

Gia boksi hii inastahili kuelezwa kwa kina, maana ndiyo inayoamua kama mnunuzi atalala usingizi. Ndani yake hakuna ngazi za gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kuna makapi mawili ambayo nyuso zake zimekatwa mshazari, na kati yao mkanda wa chuma uliounganishwa kwa mamia ya vipande vidogo vilivyopangwa kwenye pete nyembamba. Mafuta yenye shinikizo kubwa husukuma nyuso za kapi moja zikaribiane huku za jingine zikiachana, mkanda ukapanda huku na kuzama kule, na uwiano ukabadilika polepole bila mshtuko. Ndiyo maana CVT ni laini sana barabarani, na injini inabaki katika mzunguko wake bora. Kwa matumizi ya petroli katika miinuko yetu, ni ubunifu wa kuheshimiwa.

Udhaifu wake uko palepale penye ubora wake. Nguvu yote inapita kwa msuguano wa chuma juu ya chuma, vikitenganishwa na utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili zinazopingana: yalainishe, lakini yasiruhusu mkanda uteleze. Kwa gia boksi ya magari haya Nissan iliagiza mafuta yake maalumu yaitwayo NS-2. Fundi akimimina mafuta ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gari litaondoka karakanani likienda vizuri, na uharibifu utaanza kimyakimya. Gari linapopanda polepole likiwa na mzigo, mkanda umezama kabisa kwenye kapi la upande wa injini, mahali ambapo mzingo wake ni mdogo na unahitaji kubanwa kwa nguvu zaidi. Joto linapanda. Na ile hewa nyepesi iliyoinyima injini pumzi inainyima rejeta pia, kwa kuwa kila mita ya ujazo ya hewa inayopita ina uzito mdogo na inabeba joto kidogo. Mafuta yakizidi joto kompyuta inapunguza nguvu ili kulinda boksi, na dereva anashangaa kwa nini gari limekuwa zito ghafla katikati ya mlima.

Hili si tatizo lililozuka Kenya. Nchini Marekani, Nissan yenyewe iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya miaka 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Kwa kuwa sakafu ni moja na boksi ni moja, anayekimbia X-Trail kwa kuogopa CVT akaangukia Dualis amehamia chumba kingine cha nyumba ileile.

Katika matope ya Elburgon na Kuresoi kuna swali linalofaa kuulizwa kabla ya lile la jina la gari: je, nguvu inafika magurudumu ya nyuma? Jibu limepigwa mhuri kwenye chesisi. NT31 na NJ10 zina herufi N mbele, na zinaendesha magurudumu manne. T31 na J10 zisizo na N zinaendesha ya mbele tu. Mfumo wenyewe ni klachi ya sumaku-umeme iliyo karibu na ekseli ya nyuma, ambayo hukaza pale magurudumu ya mbele yanapoanza kuteleza. Dualis yenye N itatoka kwenye tope la Njoro wakati X-Trail isiyo nayo imezama hadi ekseli, hata kama ya pili ina sura ya gari la msituni. Wako watu waliolipa zaidi kwa ajili ya sura hiyo, na ninawahurumia.

Kiangazi nacho kina mambo yake. Udongo mwingi kuanzia Naivasha, kupitia Gilgil na Elmenteita hadi chini ya Menengai, umetokana na majivu ya volkano, na chembe za majivu ni vioo vidogo vyenye makali. Madereva wa Safari Rally, iliyorudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, wanalijua vumbi hili laini la Soysambu. Magari yao huwekewa bomba la kuvuta hewa kutoka juu ili yasilimeze. Gari la familia halina bomba hilo. Kichungi cha hewa kikiziba, injini iliyokwisha kupoteza asilimia 20 kwa sababu ya kimo inapoteza nyingine kwa sababu ya uvivu wa mwenyewe. Chembe hizohizo huingia kwenye bushi za mikono ya chini zikazisaga, na ndipo unaposikia kugonga kila unapovuka tuta. Hapa undugu unamfaa mwenye gari: sehemu nyingi za chini zinafanana, magari ni mengi, kwa hiyo spea hazikosekani Nakuru wala Kirinyaga Road kule Nairobi.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda. Nishati yote uliyoinunua kwa petroli ukipanda inarudi, na lazima iende mahali. Gari lenye kilo 1,900 likishuka mlima uleule kwa kilomita 40 kwa saa, upepo na tairi vikiwa vimechukua sehemu yao, linabaki na kilowati 8 hivi za kumezwa na breki, sawa na birika nne za umeme zikichemka mfululizo kwenye diski. Kati ya Sachangwan na Salgaa, barabara ambayo Wakenya wanaijua kwa malori yaliyoshindwa na breki, dereva anapaswa kuiweka CVT kwenye uwiano wa chini ili injini ibebe sehemu ya joto hilo. Katika kona za mteremko huo paa la Dualis lililo chini kidogo linampa utulivu zaidi, hasa X-Trail ikiwa imefungwa mizigo juu.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na uundaji wa T31 ya petroli kwa soko la Japani ulikoma mwaka 2013. Kwa hiyo X-Trail hizi haziji tena kwa meli. Zilizopo zina miaka ya jasho la hapahapa, na historia ya mafuta ya gia boksi ina uzito kuliko rangi, redio na viti. Mimi ningempa mwenye familia ndogo ya mjini Dualis bila kusita, na mkulima wa Molo ningemtafutia NT31 yenye risiti za NS-2.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwende pamoja kutoka Nakuru hadi Sachangwan, gari likiwa na watu wanne. Majaribio ya kuzunguka mtaa hayatoshi, kwa sababu mafuta ya boksi hayajapata joto. Mkianza kupanda baada ya Salgaa, tazama mshale wa mzunguko wa injini. Ukipanda huku mwendo haupandi, mkanda unateleza. Ukisikia mtetemo wa kukatakata, au mluzi unaofuata mwendo, ni habari ileile. Mkirudi, fundi ayapime mafuta yakiwa bado ya moto, ayaangalie rangi na kuyanusa. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, mrudishie mwenyewe ufunguo wake, iwe ni X-Trail au Dualis.