Kabla ya Kununua Pampu, Pima Kilima

Wakulima wengi siku hizi wanachanga fedha ili wapandishe maji kutoka mtoni hadi mashambani. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Lakini mara nyingi kikundi huanza kwa kununua pampu, kisha ndipo hutafuta mahali pa kuiweka. Mashine yawashwa, yanguruma, na maji hayafiki. Hapo fedha za mchango zimekwisha, na ugomvi umeingia kati ya majirani.

Ndugu mkulima, pampu si kitu cha kwanza kununua. Ni cha mwisho. Kwanza yakupasa ujue mambo manne, na yote waweza kuyapima bila gharama kubwa.

Lakini kabla ya hayo, jiulize: je, pampu yahitajiwa? Maji hufuata mkondo. Kama iko chemchemi juu ya shamba lako, bomba peke yake litakutosha. Maji ya Mzima, huko Tsavo, hushuka kwa mteremko hadi Mombasa katika bomba la kilomita 220 hivi, lililojengwa katika miaka ya 1950. Maji ya Baricho, kando ya mto Sabaki, hutolewa visimani kwa pampu, na umeme wake lazima ulipiwe kila mwezi. Pampu ni kama ng'ombe wa maziwa: kumnunua ni mwanzo tu, kumlisha ni kila siku.

Jambo la kwanza: maji kiasi gani?

Tuchukue mfano. Nyumba 20 zataka lita 1,000 kila moja kwa siku. Jumla ni lita 20,000. Ikiwa pampu ni ya nguvu za jua, hesabu saa 5 za jua la kutosha. Basi pampu lazima itoe lita 4,000 kwa saa. Sasa nenda mtoni wakati wa kiangazi, si wakati wa masika, ukaone kama maji yatosha. Kama ni kijito kidogo, kinga maji yote kwa debe la lita 20 na kutazama saa. Debe likijaa kwa sekunde 10, kijito chatoa lita 7,200 kwa saa. Usisahau kwamba walio chini yako nao wanywa maji hayo.

Jambo la pili: kilima kina urefu gani?

Macho hudanganya, usikisie. Chukua mti wa mita 1 na nusu, na pima maji ya fundi mwashi. Simamisha mti kwenye ukingo wa maji, weka pima maji juu yake hadi ilale sawasawa, kisha tazama kando yake kuelekea mlimani. Pale macho yanapogusa ardhi, mwenzako aweke alama. Peleka mti kwenye alama hiyo na ufanye vivyo hivyo tena. Ukirudia mara 24 hadi penye tangi, umepanda mita 36. Kama tangi litakaa juu ya mnara na mdomo wake uko mita 4 kutoka chini, maji yatapanda mita 40.

Jambo la tatu: bomba gani?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Bomba jembamba ni rahisi dukani, lakini maji hujikwaruza ndani yake na kupoteza nguvu. Katika mfano wetu bomba lina urefu wa mita 400. Ukitumia la inchi 2, mkwaruzo utakuwa kama kuongeza kilima mita 3 au 4. Ukitumia la inchi 1, mkwaruzo utakuwa kama kuongeza mita 90 na zaidi, yaani kilima kingine mara mbili ya kile chako! Kwa bomba la inchi 2, mashine ya kilowati 1 hivi itatosha. Kwa bomba la inchi 1, yatakiwa karibu kilowati 3. Fedha ulizobakiza kwenye bomba utazilipa tena kwenye mashine, na kwenye nishati miaka yote.

Jambo la nne: pampu itakaa juu ya maji kiasi gani?

Pampu iliyo ukingoni haivuti maji kama watu wanavyodhani. Huondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Pwani, hewa yaweza kuyasukuma mita 10 tu, hata pampu ingekuwa bora namna gani. Huko Kinangop, ambako nchi imeinuka zaidi ya mita 2,400, hewa ni nyepesi, na mwisho wake ni mita 7 na nusu hivi. Tena si vema kufika mwisho huo. Pwani usizidi mita 6. Kinangop usizidi mita 4. Ukisikia pampu ikilia kama imemeza kokoto, jua kwamba maji hayaifikii vizuri na vyuma vyake vinalika. Pampu ya kuzamishwa kisimani haina taabu hii, kwa kuwa husukuma maji kutoka chini.

Kibanda cha pampu

Ukiisha kupata hesabu hizi, tengeneza mahali pa kuweka pampu. Waulize wazee mafuriko yalifika wapi, na sakafu ya saruji iwe juu ya alama hiyo. Bomba la kunyonya liwe fupi, lipande kidogo kidogo kuelekea kwenye pampu bila kigongo kinachoweza kuweka hewa. Mdomo wake uwe na chujio na vali ya kuzuia maji yasirudi mtoni. Weka vali nyingine ya namna hiyo baada ya pampu, ili maji ya kilimani yasirudi kwa kishindo mashine inapozimwa. Chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali na kibanda. Wala usitumie pampu hiyo kuondoa maji ya samadi zizini. Kazi hiyo yataka pampu yenye njia pana ndani yake, isiyozibwa na nyasi.

Zaidi ya hayo, sheria ya maji ya mwaka 2016 yataka kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchukua maji mtoni kwa pampu. Kipate kwanza.

Katika mkutano ujao wa kikundi chenu, andikeni katika daftari hesabu hizi: lita kwa saa, mita za kupanda, urefu na upana wa bomba, na mita za kunyonya. Mwonyesheni afisa wa maji wa kaunti yenu. Kisha mweka hazina aende dukani na karatasi hiyo mkononi, naye muuzaji ajibu swali moja tu: je, pampu hii itafanya kazi hii? Asiyeweza kulijibu, msimpe fedha za watu.