Kaskazi, Kusi na Orodha ya Wadaiwa

Katikati ya skrini nyeusi palikuwa na mistari michache: jina la programu, toleo lake, jina la aliyeitunga. Chini yake likafuata ombi ambalo sikutarajia kulisoma katika chumba cha kompyuta mjini Ukunda, hatua chache kutoka stendi ya matatu za Likoni. Kwa Kiingereza, lilisema: wasaidieni watoto maskini wa Uganda.

Nilikuwa nimeingia kuchapisha karatasi zangu. Mwenye chumba, kijana wa miaka thelathini na ushei, alibonyeza herufi moja na maandishi yote yakatoweka. Nikamwuliza yalikuwa ya nini. "Hayo? Hayo yapo kila siku, dada. Macho yameshayazoea, siyaoni tena."

Mimi sikuwa nimeyazoea, na hayakuniacha. Programu yenyewe inaitwa Vim. Ni ya kuandikia maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, na waandishi wa programu za kompyuta duniani kote wanaijua. Aliyeitunga ni Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mzima Kibaale, mji mdogo wa Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, eneo ambalo ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao hakuiuza programu yake. Aliigawa bure, na kwa anayetaka kutoa shukrani akasema apeleke mchango kwa watoto wa Kibaale. Waliochangia kuiendeleza programu nao walipewa nafasi ya kupiga kura kuhusu mambo ambayo wangependa yaongezwe. Huko Kanada, shirika linalowashughulikia wafadhili wa watoto hao lina jina letu kabisa: Kuwasha. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Ombi lake limeendelea kutokea kwenye skrini za watu, Ukunda ikiwemo.

Nilirudi pale chumbani nikiitafuta habari ya Kibaale. Nikanaswa na nyingine.

Kijana huyu, mzaliwa wa Msambweni, ameniomba nisimtaje jina. Sababu yake ilinichekesha: "Wateja wangu wakisoma gazetini kwamba nina orodha ya wadaiwa, kila mmoja atajua ni yeye." Kazi yake ni kutunza tovuti. Ana wenye nyumba za wageni za Galu na Diani, wenye mashua za Shimoni wanaopeleka watalii Kisite kutazama pomboo, wakufunzi wa kuzamia, duka la dawa, na madrasa moja ambayo hailipi na hajawahi kuidai. Alianza na kompyuta iliyochoka, isiyoweza kubeba programu nzito. Vim ilikuwa nyepesi, ikamfaa. Kompyuta ilipokufa, mazoea yalikuwa yameshakomaa.

Kila mteja ana folda yake. Ndani yake mna ukurasa wa mbele, ukurasa wa bei, wa picha, wa mawasiliano, na faili ya kupangia rangi na herufi. Hapo hakuna jipya. Kilichonifanya nivute kiti nikae ni faili nyingine alizoziweka kando, ndogo ndogo, zenye majina kama kaskazi.vim, kusi.vim, mwezi.vim na wadaiwa.vim.

"Folda ni nyumba," aliniambia. "Faili hailali nyumba mbili. Sasa kazi yangu haiji kwa nyumba, dada. Kazi yangu inakuja kwa msimu. Mwezi wa kumi na moja ukifika, kila mwenye nyumba ya kupangisha barabara ya Beach anataka bei zibadilishwe, wote kwa pamoja, wote kwa haraka. Nikiingia folda moja moja, nafungua, nabadilisha, nafunga, naingia nyingine, nitamsahau mtu. Na ninayemsahau ndiye atakayenipigia simu usiku."

Kwa hiyo alifanya hivi. Siku moja alifungua kurasa za bei za wateja wote kwa pamoja, akazipanga kwenye skrini jinsi anavyopenda kuziona: nyumba kubwa kushoto, ndogo kulia, mashua kwenye ukurasa wa nyuma. Kisha akaandika amri moja, mksession, na jina kaskazi.vim. Programu ikaandika ndani ya faili hiyo kila kitu kilichokuwa wazi wakati ule. Mwaka uliofuata hakutafuta chochote. Aliita kaskazi.vim, na kurasa zote zikaja, kila moja mahali pake, dirisha kwa dirisha.

Nilitaka kuona ndani ya hiyo kaskazi.vim kuna nini. Nilidhani nitakuta vurugu ya alama zisizosomeka. Lakini ni maandishi tu, mtu yeyote anaweza kuyafungua. Juu kuna maelekezo ya programu yenyewe, ambayo mimi na wewe hatuna haja nayo, kisha unakuja mstari unaosema nenda kwenye folda ya kazi, halafu orodha. Mstari mmoja ulisomeka hivi: badd +41 galu/bei.html. Chini yake mwingine wa Shimoni, na mwingine, na mwingine.

"Hiyo badd ni kama kusema, mweke huyu kwenye kundi," alieleza, kidole kikiwa juu ya kioo. "Na hiyo 41 ni mstari niliokuwa nimesimama. Inakumbuka nilikuwa wapi. Ona huyu, mstari wa 7, maana bei zake ziko juu. Huyu 112, maana ameandika hadithi ndefu ya babu yake kabla ya kufika kwenye bei. Nimemwambia aipunguze, hataki."

Nikaisoma orodha ile kutoka juu hadi chini, polepole. Ndani yake hamna bei hata moja. Hamna picha, wala jina la mgeni, wala neno lolote ambalo mteja amelilipia. Mna majina ya faili, njia za kuzifikia, na nambari za mistari. Ukiifuta yote, hakuna tovuti itakayoanguka. Lakini nina hakika kwamba ndiyo kazi hasa ya kijana huyu. Kurasa za bei angeweza kuziandika mtu mwingine. Kujua kwamba kurasa hizi, za watu wasiojuana, zinabadilika siku moja kwa sababu upepo umegeuka, hilo limeandikwa pale tu.

Kusi.vim ni kundi jingine kabisa, ingawa nusu ya faili ni zile zile. Kusi inapokaza bahari inachafuka, mvua za masika zinanyesha, wageni wanapungua, na hoteli kadhaa hufunga kwa muda. Kwa hiyo kundi hili lina kurasa za matangazo: lini tunafunga, lini tunafungua, mashua haziendi, punguzo kwa wakazi. Mwezi.vim ni ya Ramadhani, saa za kufungua duka la dawa na saa za madrasa. "Hiyo haifuati kaskazi wala kusi," alisema. "Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Miaka inakwenda, ikakutana na kusi, ikapita, ikakutana na kaskazi. Folda ningeipanga vipi kwa hayo? Orodha haina shida. Faili moja iko kwenye orodha tatu na haijahama mahali."

Nguvu ya kundi ndiyo hatari yake. Kuna amri nyingine, bufdo, inayotekeleza jambo moja katika kila faili iliyo wazi. Ukiiambia badilisha 8500 iwe 9800, itapita kurasa zote bila kuuliza. Msimu mmoja aliitumia hivyo, akaenda kunywa chai. Mwenye nyumba mmoja alikuwa na nambari ya simu inayoishia na tarakimu zile zile. Kwa siku kadhaa, wageni wake walikuwa wakimpigia mtu mwingine kabisa.

"Huyo mtu alikuwa mstaarabu," kijana alikumbuka. "Alipochoka alimwuliza mgeni mmoja, hiyo nambari umeitoa wapi? Ndipo tukajua." Mteja alikasirika, na haki yake. Tangu siku hiyo huongeza herufi mwishoni mwa amri ili programu isimame kila mahali na kumwuliza: nibadilishe, nisibadilishe? Inachukua muda mrefu zaidi. Chai inapoa.

Jambo jingine lilimgharimu zaidi. Watu wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, hudhani kwamba programu ikikumbuka kazi yako imekuhifadhia kazi yako. Hizi ni kumbukumbu mbili tofauti. Stima zikipotea Ukunda na betri imekufa, Vim ina faili ya siri ambamo huandika unachochapa kila baada ya herufi 200, au ukinyamaza sekunde 4. Ukiwasha tena, inakuuliza kama unataka kuokoa maandishi yako. Kaskazi.vim haijui lolote kuhusu maandishi. Inajua majina. Aliponunua kompyuta nyingine alinakili kila kitu kwa uangalifu, lakini folda kuu akaipa jina jipya, zuri zaidi. Kisha akaita kaskazi.vim.

"Zilinijia zote. Madirisha yote, majina yote, galu, shimoni, zote mahali pake. Na ndani hamna kitu. Weupe. Kule chini imeandika kila moja ni faili mpya. Nilihisi tumbo limeshuka. Nilidhani nimepoteza kazi ya watu wote."

Faili zilikuwepo, salama, kwenye folda yenye jina zuri. Orodha ilikuwa ikizitafuta mahali pa zamani, na programu, ilipokosa faili, ilifungua tupu yenye jina lile lile. Sikuweza kuamua kama huo ni upole au ukatili. Siku hizi ameiagiza ihesabu njia kuanzia pale ilipo orodha yenyewe, ili akihamisha orodha na kazi kwa pamoja zisipotezane.

Wadaiwa.vim hakunifungulia. Alinieleza tu kwamba ndani yake hamna ukurasa wa tovuti hata mmoja. Ni ankara, moja moja kutoka folda ya kila ambaye hajalipa. Anapolipa, mstari wake unafutwa kwenye orodha. Ankara inabaki kwenye folda. "Hii ndiyo inayobadilika kuliko zote," alisema, kisha akasita. "Hapana, nakudanganya. Ndiyo isiyobadilika."

Nilimwuliza kuhusu Kibaale. Amewahi kutuma chochote? Alifikiri kabla ya kujibu, na nadhani hakulipenda swali. "Nilipoanza kuyasoma maneno yale, mtoto maskini nilikuwa mimi," alisema. "Nilikuwa natumia kompyuta ya mtu, nalala kwa mtu. Nikasema, hao wa Uganda wana Mholanzi wao. Baadaye nikapata kazi. Sijui ni siku gani nilivuka nikawa mtu wa kuombwa. Hakuna aliyeniambia." Sikuwa na la kumwongezea. Sijui kama mtu huambiwa.

Pamoja naye pale chumbani hufanya kazi mpwa wake, aliyemaliza shule juzi, na mpwa hataki kusikia habari ya Vim. Yeye anatumia VS Code, programu ya Microsoft iliyotoka mwaka 2015, yenye rangi na vitufe. Nayo ina namna yake ya kukusanya folda kadhaa chini ya jina moja, na huliandika kundi hilo katika faili inayosomeka. Lakini inayoandikwa mle ni folda. Ni kurasa gani zilikuwa wazi, na umezipanga vipi, hayo inayakumbuka yenyewe, kwingine, ndani ya matumbo yake. Mjomba haliamini hilo hata kidogo. "Kitu kinachonikumbukia nataka nikione kwa macho," alisema. Mpwa akajibu bila kugeuka, "Mjomba, wewe unataka kusoma hata pumzi zako."

Ninaelewa upande wa mjomba, na nitakiri kwamba moyo wangu uko huko. Ila mpwa ana hoja ambayo mjomba hajaijibu. Kuna jamaa zao Qatar, na mjomba ameitiwa kazi huko. Hajasema anakwenda, hajasema haendi. Akienda, wateja watabaki na tovuti zao na folda zao, kila mmoja na yake, kama walivyolipia. Kaskazi, Kusi na Mwezi si mali ya mteja yeyote, maana kila moja imepita ndani ya nyumba za wote. Je, ni zake aende nazo? Ataziuza? Na zina thamani gani kwa mtu ambaye hajui kwa nini mstari ni wa 112 na siyo wa 7?

"Nitamwachia huyu," alisema, akimwonyesha mpwa kwa kidevu.

"Hazifunguki kwangu," mpwa alisema.

"Zinasomeka."

Wakabishana kidogo kwa Kidigo, haraka mno kwangu. Mara ya mwisho nilipopita, mpwa alikuwa ameanza kuinakili orodha ya Kaskazi kwa mkono, jina baada ya jina, aone jinsi ya kuiingiza kwenye programu yake. Nambari za mistari aliziruka. Alisema atazitafuta mwenyewe msimu ukifika. Kusi ilikuwa inafuata. Ya wadaiwa hajapewa.