Ulimi Unaoitwa Faida

Wanawake wa pwani wanaokwenda Guangzhou kununua nguo na vyombo hurudi na mizigo mingi, lakini ni wachache warudio na maneno. Leo twataka kulitazama neno moja la wenyeji wa huko, Wakantoni, ambao lugha yao husemwa mkoani Guangdong, Hong Kong na Macau. Neno lenyewe ni ulimi.

Katika maandishi ya Kichina ulimi una alama yake ya kale, na Wakantoni huisoma sit. Taabu ni kwamba sit kwao ni pia kupata hasara. Lugha hiyo ina toni sita, na maneno haya mawili toni yake ni moja, hata sikio haliwezi kuyatenga. Basi mfikirie muuza nyama aliyefungua duka alfajiri, na mteja wa kwanza anamwambia, "Nipimie hasara ya ng'ombe, kilo mbili." Nani angestahimili? Watu wa sokoni wakaliacha neno hilo, wakauita ulimi lei, yaani faida. Kwa kuandika, waliichukua alama ya faida wakaitia ubavuni alama ya nyama. Hadi leo ulimi wa ng'ombe buchani ni ngau lei. Kuna hata andazi refu, bapa, la kukaangwa, liitwalo kwa jina hilo kwa sababu ya umbo lake. Halina nyama ndani, ingawa Mwislamu atauliza kwanza limekaangwa kwa mafuta gani.

Ulimi hauko peke yake. Ini, gon, lasikika sawa na "kavu", na kwa Wakantoni maji ni fumbo la fedha. Kwa hivyo ini likaitwa kwa neno la unyevu. Nyumba tupu inayotafuta mpangaji huandikwa "nyumba ya heri", kwa kuwa "tupu" lafanana na "nuksi".

Tusiwacheke. Bibi zetu walitukataza kumtaja nyoka usiku, tulisema kamba. Dini yetu yatufundisha kwamba mkosi haumo katika neno, na riziki iko mkononi mwa Mola, lakini pia kwamba neno jema ni la kupendwa. Mwenye duka wa Guangdong ameipata nusu ya pili.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba sit, lililofukuzwa sokoni, limebaki katika misemo. Watu wakisema wote kwa pamoja, hapo pana "midomo saba, ndimi nane". Mwenye maneno ya kulaghai ana "mdomo wa mafuta, ulimi wa utelezi". Miali ya moto huitwa ndimi za moto, sawasawa na kwetu, bila ya mmoja kumwiga mwenziwe. Na ambapo sisi husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wao husema neno likishatoka, hata gari la farasi wanne halilifikii.

Kisha kuna "ulimi mrefu", coeng sit, yaani usengenyaji. Msemo huu mara nyingi huongezewa neno "mwanamke". Asili yake ni ya mbali: umo katika mkusanyiko wa mashairi wa kale kabisa wa Wachina, na wafasiri wao walilichukua shairi hilo kuwa lamlenga Bao Si, kipenzi cha mfalme You wa ukoo wa Zhou. Mfalme huyo aliuawa mwaka 771 kabla ya Masihi, maadui walipouvamia mji wake mkuu. Alikuwa na mawaziri, majemadari na washauri, wote wanaume, na wote wenye ndimi. Uliokumbukwa kuwa mrefu ni wa mke. Nani asiyewahi kuona jambo hilo katika ugomvi wa mawifi, ambapo waume hukaa barazani wakiyasambaza maneno yale yale, na mwisho wake huambiwa ni fitina ya wanawake?

Uko msemo mwingine nisiotaka kuusahau, ci lei gan, "shina la ulimi limenata". Husemwa juu ya mtu ambaye matamshi yake hayatoki sawasawa. Hapa ulimi ni lei, ile faida ya buchani, kwa maana huu ni msemo wa nyumbani, haukutoka vitabuni. Dada atakayejaribu Kikantoni huko Guangzhou ajue kwamba ndivyo atakavyosikika siku za mwanzo.